Dishi la Malindi: shajara ya kufuatilia setilaiti za redio ya ridhaa

Juni 2025: antena ya mkono

Nimeanza na kilicho rahisi: antena ya kushika mkononi, redio ndogo ya FM, na simu yenye programu ya kuonyesha setilaiti ipi inapita saa ngapi. Antena ni Yagi ya megahezi 435 hadi 438. Vijiti vyake nimevikata kutoka fimbo za shaba za kulehemu, na uti wake ni ufito wa mbao uliobaki kwenye kazi ya dari. Nusu ya wimbi la megahezi 437 ni kama sentimita 34, kwa hiyo kila kijiti kinakaribia urefu huo: kile cha nyuma kirefu kidogo, vya mbele vifupi kidogo. Ilikuwa kazi ya jioni moja.

Lengo la kwanza ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, ISS. Kina ripita, yaani chombo kinachopokea sauti na kuirusha upya, cha wanaredio wa ridhaa, wale wanaowasiliana kwa kupenda tu na si kwa biashara. Inashuka kwa megahezi 437.800, na kinapita juu yetu kwa kimo cha kilomita mia nne na ushei, kikimaliza mbingu nzima kwa dakika kumi hivi. Huchomoza upande wa bara na kuzama upande wa bahari, na hapo ndipo Malindi ina neema yake. Mashariki hakuna mlima wala ghorofa, ni maji matupu mpaka upeo wa macho, kwa hiyo naendelea kukisikia hadi kinapogusa mstari wa bahari.

Kinachowapoteza wengi mwanzoni ni masafa. Kituo kinakuja kwa mwendo wa karibu kilomita 7.7 kwa sekunde. Kinapokusogelea, mawimbi yake yanabanana, kinapokuacha, yanatanuka. Kwa 437.800 tofauti inafika karibu kilohezi 10 kila upande. Nimeweka chaneli tano kwenye redio: 437.810, 437.805, 437.800, 437.795 na 437.790. Naanza na ya juu, nateremka moja moja kadiri kituo kinavyosonga. Mkono wa pili nao haupumziki, maana antena haitoshi kuielekeza tu, bali inabidi kuizungusha kwa kifundo cha mkono taratibu mpaka sauti isafike, kisha baada ya nusu dakika kuizungusha tena. Nimesikia sauti za kutoka Afrika Kusini na za kutoka Ghuba katika mpito mmoja, kila upande kwa zamu yake, mimi nikiwa katikati yao na kimya changu.

Setilaiti ya SO-50 imenifundisha jambo jingine. Ni ya Saudi Arabia, ilirushwa Desemba 2002 kutoka Baikonur, na inashuka kwa 436.795. Kisambazi chake hulala mpaka mtu wa ardhini aiamshe kwa toni ya hezi 74.4, akishaiamsha, hubaki wazi kwa dakika kumi, na kila anayetaka kuzungumza huongeza toni ya hezi 67. Ikipita Ulaya watu hugombania nafasi. Ikipita juu ya pwani yetu mara nyingi sisikii kitu, na si kwa ubovu. Inapita imelala kwa sababu katika eneo lote inaloliona wakati huo hakuna aliyeigongea mlango. Jambo hili limeniuma kuliko nilivyotarajia, na ndilo lililoupa mradi mwelekeo.

Julai: kwa nini ikweta

Kila programu ya kufuatilia setilaiti hula namba za obiti, mistari miwili ya tarakimu inayoeleza setilaiti ilikuwa wapi na inakwenda vipi. Namba hizo huchakaa. Za ISS nazibadilisha kila baada ya siku chache kwa sababu kituo husukumwa juu mara kwa mara ili kisiporomoke, na baada ya msukumo wowote namba za zamani hukupotosha. Kwenye kompyuta natumia Gpredict, ambayo ni ya bure na haihitaji intaneti ikishapakua namba.

Nikiwa nazo nimekaa nikahesabu jambo ambalo miongozo mingi ya Ulaya haligusi. Setilaiti nyingi za obiti ya chini hupita karibu na ncha za dunia katika kila mzunguko. Kituo kilichoko Svalbard, visiwa vya Norwe karibu na ncha ya kaskazini, huiona setilaiti ya namna hiyo karibu kila inapozunguka. Sisi wa ikweta huiona mara chache tu kwa siku, asubuhi mbilitatu na jioni mbilitatu, nyingine zikiwa chini mno pembezoni. Kwa obiti ya chini, tulipo ni mahali pa kupunjwa.

Kwa obiti ya juu, yaani ile ya kilomita 35,786 juu ya ikweta ambako setilaiti huzunguka sawia na dunia na kuonekana imesimama, tulipo ni mahali pa fadhila. Huko kuna setilaiti moja yenye vyombo vya wanaredio wa ridhaa: Es'hail-2 ya Qatar, iliyorushwa tarehe 15 Novemba 2018 kwa roketi ya Falcon 9 kutoka Florida. Vyombo hivyo vinaitwa QO-100, vilifunguliwa rasmi Februari 2019, na vilibuniwa na AMSAT-DL, chama cha setilaiti za wanaredio wa ridhaa cha Ujerumani, pamoja na Chama cha Redio ya Ridhaa cha Qatar. Imesimama juu ya digrii 25.9 mashariki, mstari unaopita juu ya Kongo. Ndiyo ya kwanza ya wanaredio wa ridhaa katika obiti hiyo, na mwale wake unaanzia Brazil hadi Thailand. Afrika nzima imo ndani.

Nimeamua: dishi.

Agosti

Mwezi wa kuaga. Setilaiti za hali ya hewa za NOAA ya Marekani, ambazo wengi wetu tulianzia kwazo kwa sababu zilituma picha za mawingu kwa njia rahisi kabisa kwenye megahezi 137, zimezimwa. NOAA-18 ilitangulia Juni, NOAA-19 ikafuata tarehe 13 Agosti, na NOAA-15, iliyokuwa angani tangu 1998, ikafungwa tarehe 19. Picha yangu ya mwisho ya NOAA-15 ina michirizi, lakini Rasi ya Hafun ya Somalia inaonekana, na mstari mweupe wa mawingu juu ya Bahari ya Hindi pia. Nimeihifadhi. Setilaiti za Meteor za Urusi bado zinatuma picha, tena safi zaidi, ila zinahitaji kompyuta kuzifumbua.

Septemba: hesabu za hapa

Dishi ni la sentimita 90, la televisheni, limetolewa kwenye nyumba inayobomolewa. Kutu ipo pembeni tu, uso wake haujabonyea. Hilo la pili ndilo la kuangalia unaponunua dishi kuukuu: simama kando, chungulia ukingo kwa jicho moja, na ukingo wa mbele ulingane na wa nyuma. Likiwa limejipinda, achana nalo hata kama ni la bure.

Kabla ya kupanda juu ya slabu nimefanya hesabu, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo sikuipata imeandikwa popote kwa ajili yetu.

Miongozo yote ya QO-100 niliyoisoma imeandikwa na watu wa Ulaya. Kule dishi linatazama kusini na chini, kama digrii 30 tu juu ya upeo, na LNB, kile kipokezi kinachokaa mbele ya dishi, huzungushwa kidogo kwenye kishikio chake. Ukifuata hayo ukiwa Malindi utakaa juu ya paa hadi maghribi. Kutoka hapa QO-100 iko magharibi, kwenye dira digrii 282, na iko juu sana, digrii 73. Fundi yeyote wa pwani ataielewa pembe hiyo, maana madishi ya televisheni yanayolenga digrii 36 mashariki huku kwetu hutazama karibu utosini, kama digrii 84. Kwa hiyo vishikio vyetu vilishabadilishwa na mafundi zamani. Nimechukua dishi lililokuwa likitazama huko, nikalilaza kama digrii 12 kuelekea machweo, nikawa nimekaribia.

Jambo kubwa ni LNB. Mawimbi ya QO-100 yanayoshuka kwa ajili ya mazungumzo yamesimama wima, lakini wima huo ni wa setilaiti: ni sambamba na mhimili wa dunia, kaskazini kwenda kusini. Mtu wa Ujerumani akitazama kusini anauona wima huo ukiwa karibu na wima wake. Mtu wa Malindi anayetazama magharibi anauona umelala. Kanuni ni fupi: chukua saini (sin) ya tofauti ya longitudo kati yako na setilaiti, gawanya kwa tanjiti (tan) ya latitudo yako, kisha tafuta pembe yenye tanjiti hiyo. Malindi iko digrii 3.2 kusini na 40.1 mashariki. Jibu ni digrii 77. Karibu robo mzunguko mzima!

Nimehesabia na wengine, kwa sababu natamani wajaribu. Mombasa ni digrii 73 za juu, na LNB digrii 73 au 74. Dar es Salaam ni digrii 72 na nusu za juu, LNB 63. Kigali setilaiti iko juu zaidi, digrii 84 na nusu, LNB 65. Muscat iko mbali kidogo, digrii 44 za juu, LNB 51. Wenye raha ni watu wa Lubumbashi: digrii 76 za juu, na LNB inageuzwa digrii 8 tu kwa sababu setilaiti iko karibu kaskazini mwao kabisa.

Kuna njia ya mkato kwa sisi wa pwani. LNB ya kawaida hupokea wima ikipewa volti 13 na mlalo ikipewa 18. Kwa kuwa pembe yetu inakaribia 90, unaweza kuipa volti 18 na kuizungusha digrii 13 tu upande wa pili. Hasara ya kutoifikisha haifiki hata robo ya desibeli, kipimo cha nguvu ya ishara. Mimi nimechagua kuizungusha yote 77, kwa sababu natumia betri ya volti 12 na sitaki kuongeza chombo cha kupandisha umeme. Na usihofu kuhusu upande wa kuzungushia: hata ukienda upande usio wenyewe, unapoteza chini ya desibeli moja, na utaliona hilo kwenye skrini na kurekebisha.

Jumapili, tarehe 21 Septemba

Siku hii niliipanga kwa makusudi. Mara mbili kwa mwaka jua hupita nyuma ya setilaiti zote za obiti ya juu. Hesabu yangu ya Malindi iliangukia tarehe 21 Septemba, saa saba na dakika kama 20 mchana. Jua linatoa kelele ya redio nyingi, kwa hiyo dishi lililoelekezwa sawasawa litaisikia kelele hiyo ikipanda dakika hizo hizo. Ukilifunga dishi likiwa pale kelele ilipofika kilele, umeshaelekeza kwenye setilaiti bila kuiona.

Mpwa wangu alikaa chini kivulini na kompyuta, mimi juu na spana. Nilikuwa nimeteremsha timazi kutoka kwenye bomba ili nihakikishe limesimama wima; bomba likiinama, pembe zote za kwenye kishikio ni uongo. Ilipofika saa saba na dakika kumi akapaza sauti, "Mjomba, mstari umeanza kupanda!" Nikasogeza nusu digrii magharibi, akasema umepanda tena. Nikapitiliza, ukashuka. Nikarudi. Uso wa dishi ni wa kijivu kisichong'aa, hata hivyo mwanga uliorudishwa ulikusanyika kwenye kofia ya LNB, doa jeupe la ukubwa wa kiganja, likisogea polepole kutoka ukingo mmoja kwenda wa pili. Dishi linalong'aa lisijaribiwe hivi, joto lake linaweza kuyeyusha plastiki. Doa lilipokuwa katikati kabisa nikakaza nati zote.

Mwale wa dishi la ukubwa huu una upana wa digrii mbili hivi, kwa hiyo nafasi ya kukosea ipo ya kutosha. Atakayekosa Septemba ana Machi: kwa Malindi ni tarehe 22, saa saba u nusu na dakika chache.

Septemba mwishoni: ishara ya kwanza

Mpangilio wa vyombo ni huu. LNB inapokea megahezi 10,489.5 hadi 10,490 na kuteremsha kwa kuondoa 9,750, kwa hiyo kinachofika chini kwenye kebo ni 739.5 hadi 740. Huko nasikilizia kwa kipokezi kidogo cha USB, kile cha bei nafuu kilichobuniwa kwa televisheni. Kipokezi hicho kinaweza kutoa umeme kidogo kwenye kebo, volti nne na nusu, usiotosha LNB. Nimeweka katikati kisanduku cha kuingizia umeme kinachopeleka volti 12 juu na kuzizuia zisirudi kwenye kompyuta. Hakikisha kwa mita kabla ya kuchomeka, upande wa kompyuta usome sifuri.

Betri isiunganishwe moja kwa moja na chaja ya sola. Sola ikishika kasi mchana betri hupanda kufika volti 14.4, na hapo LNB inakaribia mpaka ambapo hujigeuza kutoka wima kwenda mlalo. Kipande kidogo cha kusawazisha umeme kwenye 12 kamili kinamaliza tatizo.

Katikati ya transponda, yaani chombo cha setilaiti kinachopokea mawimbi yetu na kuyarudisha chini, kwenye 10,489.750, kuna ishara ya mwongozo isiyokatika usiku na mchana, na kwenye kila mwisho wa transponda kuna nyingine. Nilitazama 739.750 kwenye skrini LNB ikiwa bado imesimama kama fundi wa televisheni angeiweka. Kulikuwa na kivuli cha mstari, dhaifu, cha kubahatisha. Nikalegeza kishikio nikaanza kuizungusha. Digrii 20, mstari ukakoza. Digrii 40, ukaanza kuwa na kingo. Digrii 60, ukawa mweupe. Kwenye 77 niliyokuwa nimeichora kwa kalamu ya wino kwenye plastiki ulikuwa umepanda desibeli 12 na zaidi kuliko nilipoanza, na kando yake, kushoto na kulia, skrini ikajaa mistari myembamba ambayo dakika moja kabla haikuwepo. Kila mstari ni mtu.

Nilibofya mmoja. Kijerumani. Mwingine, Kiingereza cha mtu wa Afrika Kusini akieleza hali ya mvua kwake. Mwingine alama za Morse, kasi ya kistaarabu. Sauti safi kuliko ya simu, kutoka kilomita elfu thelathini na sita, kwa dishi la jalalani. Nilimwita kila aliyekuwa nyumbani aje asikilize.

Oktoba: joto

Masafa yanahama. LNB ina kioo cha megahezi 25 ambacho huzidishwa mara 390 ili kupata zile 9,750, kwa hiyo kioo kikipata joto na kuhama hezi 10 tu, huku chini kila kitu kimehama karibu kilohezi 4. Kati ya saa nane mchana na saa mbili usiku ishara ya mwongozo husafiri kwenye skrini yangu kiasi cha kupoteza mazungumzo kama sikuishika. Kuna dawa mbili. Ya kwanza ni kivuli: nimekata ndoo nyeupe ya plastiki nikaivika LNB mgongoni, na mwendo umepungua sana. Ya pili ni ya programu: SDR Console inaweza kuishika ishara ya mwongozo na kurekebisha masafa yote kwa kuifuata. Wenye uwezo huondoa kioo kabisa na kuleta masafa kutoka kwenye saa ya GPS. Mimi nitasubiri.

Novemba: mvua na chumvi

Mvua zenyewe hazinisumbui, ishara hushuka kidogo wingu zito likipita na kurudi. Adui ni chumvi. Baada ya wiki chache tu za upepo wa bahari niliona kelele ikipanda. Nilipofungua kiunganishi cha kebo kwenye LNB, uzi wa katikati ulikuwa umeota ukungu wa kijani na wavu wa nje umekuwa unga. Nimekata kipande, nimeweka kiunganishi kipya cha kukaza kwa kubana, nimejaza grisi ya silikoni na kuzungushia utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kuanzia chini kwenda juu ili mikunjo imwage maji kama makuti ya paa. Kebo nimeiachia kitanzi kinachoning'inia chini ya kiunganishi, maji yadondokee hapo badala ya kufuata kebo hadi ndani. Kwa anayeishi ndani ya kilomita chache za bahari, silikoni na utepe vihesabiwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Desemba: kusikiliza

Mwezi huu sikujenga chochote. Nimesikiliza.

QO-100 ina adabu zake, na adabu hizo hujifunzwa kwa sikio. FM hairuhusiwi kwenye transponda ya mazungumzo, kwa sababu ingekula nafasi ya watu wengi. Hakuna anayeruhusiwa kuwa na nguvu kuliko ishara ya mwongozo. Akizidisha, mtambo wa ardhini unaoitwa LEILA humwekea king'ora juu ya masafa yake mpaka apunguze. Nimekisikia mara kadhaa, na kila mara mhusika alishuka haraka. Na kila anayerusha lazima ajisikilize mwenyewe kutoka setilaitini wakati huo huo anaozungumza. Sauti yake humrudia baada ya robo sekunde hivi, kwa sababu safari ya kwenda na kurudi inazidi kilomita 70,000 na mawimbi hayawezi kuupita mwendo wa mwanga. Wageni hubabaika kwa kujisikia. Wenyeji huongea juu ya mwangwi wao bila kusita.

Nimesikia Brazil na Qatar kwenye dakika moja. Usiku mmoja nilimpata DP0GVN, kituo cha Wajerumani kilichoko Neumayer III, Antaktika, akihudumia foleni ndefu kwa utulivu, herufi na namba, herufi na namba. Kule Antaktika setilaiti iko chini karibu na upeo. Kwetu iko digrii 73. Nililifikiria hilo usiku kucha: watu walioko kwenye barafu wana sauti humu, na sisi tulio karibu kabisa chini yake hatuna.

Tarehe 12 Desemba, Jamhuri, nilikwenda na mpwa wangu Ngomeni, kaskazini mwa mji. Kwenye maji ya pale Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio waliweka jukwaa la San Marco, na kati ya 1967 na 1988 zikarushwa setilaiti tisa kwa roketi za Scout, wakitumia kasi ambayo dunia huipa roketi bure inaporushwa karibu na ikweta. Mojawapo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, na ikaitwa Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksi kutoka angani. Tarehe ni ile ile ya OSCAR 1, setilaiti ya kwanza ya wanaredio wa ridhaa, iliyorushwa 12 Desemba 1961 kutoka California ikiwa na uzito wa kilo nne na nusu na ujumbe mmoja tu wa Morse. Mpwa wangu aliuliza kama kuna ya Wakenya wenyewe. Nikamweleza 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiwa kutoka ISS Mei 2018, na Taifa-1 ya Aprili 2023. Akauliza kama kuna anayezungumza Kiswahili kwenye ile ya Qatar.

"Sijamsikia bado," nikamwambia.

"Si wewe uanze, mjomba?"

Januari 2026: njia ya kupanda

Kusikiliza hakuhitaji ruhusa ngumu. Kurusha kunahitaji leseni ya redio ya ridhaa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano, na ishara ya wito inayoanza na 5Z. Nimeshaanza maombi na ninasoma: sheria za masafa, usalama wa nguvu za redio, nadharia ya antena. Kwa aliyejenga antena kwa mikono yake nadharia si ngeni, ni majina ya vitu alivyokwisha kuvishika.

Vyombo vya kurushia vinaendelea kukusanywa polepole. Njia ya kupanda ni megahezi 2,400 hadi 2,400.5, jirani kabisa na masafa ya Wi-Fi. Kwa hiyo vikuza nguvu vya Wi-Fi vya bei nafuu vinaweza kutumika vikichujwa vizuri, na wati chache zinatosha kwa dishi langu. Kuzalisha mawimbi yenyewe nitatumia Adalm-Pluto, kisanduku kidogo kinachofika masafa hayo moja kwa moja ingawa nguvu yake ni milliwati chache.

Kinachonipa raha kwa sasa ni mdomo wa dishi. Kuna muundo uitwao POTY: sahani mbili za shaba kwa ajili ya kurusha, na katikati yake bomba la shaba la milimita 22 linalopitisha mawimbi ya kushuka hadi kwenye LNB. Bomba kama hilo halipo kwenye maduka ya mabomba ya maji huku kwetu, yote ni plastiki. Nilikwenda kwa fundi wa viyoyozi, nikamweleza.

"Hiyo ni saba juu ya nane, kaka," akasema, akatoa kipande kwenye rundo la mabaki.

Saba juu ya nane ya inchi ni milimita 22.2. Kaliparo ilithibitisha. Hakutaka pesa, alitaka tu nimweleze litafanya kazi gani, na nilipomweleza akaniomba nimwite siku ya kwanza.

Mawimbi ya kupanda yanatakiwa yafike setilaitini yakizunguka kulia, lakini uso wa dishi hugeuza mzunguko kama kioo kinavyogeuza mkono. Kwa hiyo sahani inatengenezwa ya kushoto: pembe mbili zinazokatwa ndizo zinazoamua, na ukikata zile nyingine umetengeneza ya kulia na setilaiti haitakusikia vizuri. Nimezichora kwa penseli mara mbili na kuziacha zilale kucha kabla ya kushika mkasi wa bati. Pengo kati ya sahani hiyo na ile ya nyuma yake, kiakisi, ni la milimita chache, nalishikilia kwa vipande vya plastiki vilivyokatwa sawasawa, kisha solda. Solda ya kazi hii inataka moto mkubwa. Kisolda cha kawaida hakiwezi kupasha bomba zima, nimetumia tochi ndogo ya gesi.

Baada ya solda kupoa nimelifunga POTY mahali pa LNB ya zamani, LNB yenyewe ikiwa nyuma ya bomba, bado kwenye digrii 77. Upokeaji umeshuka desibeli moja hivi kulinganisha na mwanzo, ambayo ndiyo bei ya kawaida ya muundo huu, na ishara ya mwongozo bado imesimama juu vizuri. Upande wa kurusha nimeufunika kifuniko cha kuzuia chumvi. Kikuza nguvu kiko sandukuni, na hakitaunganishwa mpaka leseni itoke. Wakati huo naandaa maneno ya kwanza pamoja na mpwa wangu: wito wa jumla kwa Kiswahili, taratibu, mara tatu, kisha kwa Kiingereza ili wasioelewa wajue ni nani. Mwenye dishi kuukuu Muscat, Kigali au Dar, pembe zake ziko juu hapo.